Ukilalamikiwa kwenye bodi ya madaktari Texas: faili lako lipo, ila si lote utaliona

Tuanze na barua yenyewe maana kila kitu kinaanzia hapo. Daktari ana leseni Texas, yuko kliniki kwake anapiga kazi, inaingia barua kutoka Texas Medical Board, ile bodi inayotoa na kunyang'anya leseni za madaktari kwenye hilo jimbo, inasema tumepokea malalamiko dhidi yako, yanamhusu mgonjwa fulani, linalodaiwa ni hili na hili, tuletee maelezo yako na nakala za faili la mgonjwa. Basi. Nakala ya malalamiko yenyewe hamna, jina la aliyelalamika hamna. Na daktari yeyote yule maswali yanayomjia kichwani ni yale yale mawili, nani kasema na kasema nini hasa, na majibu yote mawili yapo kwenye faili ambalo bodi imelifunga.

Watu wengi, hata madaktari wenyewe, wanadhani hapo unaandika tu ombi, Marekani si nchi ya uwazi bana, kuna sheria ya taarifa za umma, utapewa. Hupewi. Sheria inayoongoza taaluma Texas, kifungu cha 164.007, inasema malalamiko, faili la uchunguzi, ripoti za uchunguzi na taarifa nyingine yoyote iliyokusanywa na bodi kuhusu mwenye leseni ni siri, hazitolewi kwa samansi wala kwa njia nyingine yoyote ya kisheria kwa mtu yeyote nje ya bodi na watu wake wanaoshughulikia nidhamu. Soma tena hapo kwenye "mtu yeyote". Wengi wakisikia siri wanafikiria siri dhidi ya waandishi wa habari na majirani, kumbe huyo mtu yeyote ni pamoja na daktari mwenyewe anayechunguzwa.

Sasa siyo kwamba haoni kitu mpaka mwisho, ndo maana nasema hii habari inachanganya. Anaona, ila anaona kwa awamu, na kila awamu mlango unafunguka kidogo zaidi, na tatizo ni kwamba kesi nyingi zinaisha kabla mlango haujafunguka vya kutosha.

Awamu ya kwanza ni ile barua. Bodi inapitia malalamiko kuona kama yanaihusu na kama yana uzito, sheria inaipa siku 45 za kufanya hivyo, na daktari anajibu kwa kutumia muhtasari aliopewa. Muhtasari unaweza kuwa mistari mitatu. Kama umemtibu huyo mgonjwa mara 11 kwa miaka 2, mistari mitatu haikwambii ni ziara ipi inayolalamikiwa, na ukijibu yote unaweza ukajikuta umeipa bodi jambo ambalo mlalamikaji wala hakuligusa. Mawakili wa hizi kesi wanaliongelea sana hili.

Ikifungwa hapo, imeisha, haitangazwi, na faili linabaki siri. Isipofungwa inakuwa uchunguzi kamili, bodi inavuta rekodi za mgonjwa hata bila ridhaa ya mgonjwa kwa sababu sheria ya shirikisho ya faragha ya afya, HIPAA, inaruhusu vyombo vya usimamizi wa afya, na kama madai ni kwamba daktari alitibu chini ya kiwango, rekodi zinapelekwa kwa madaktari wengine wa fani hiyo hiyo au inayokaribiana nayo wazipitie na waandike maoni. Wakitofautiana wawili wa mwanzo anaitwa wa tatu. Hayo maoni ndo roho ya kesi. Mlalamikaji anaweza kuwa alikosea kila kitu lakini wataalamu wakisema daktari kakosea, kesi inasonga mbele, na wakisema hakukosea kesi inaishia hapo hata mlalamikaji awe na hasira kiasi gani.

Awamu ya pili ni kikao kisicho rasmi cha kutafuta suluhu, na kwa mtazamo wangu hapa ndo pa kuangalia kuliko pengine pote. Daktari anakaa mbele ya jopo dogo, angalau watu wawili, mmoja wao awe si daktari bali mwakilishi wa wananchi. Kabla ya kikao bodi inatakiwa impe taarifa mapema pamoja na maelezo ya madai na taarifa ambazo inakusudia kuzitumia kwenye hicho kikao, na kwenye kesi ya kiwango cha tiba impe na ile ripoti ya wataalamu. Asipopewa anayo sababu ya kuomba kikao kiahirishwe. Hii ni hatua kubwa kwelikweli ukilinganisha na ile barua ya mwanzo. Ila angalia neno lililojificha humo: inakusudia kuzitumia. Kama mchunguzi alimhoji nesi aliyekuwepo siku hiyo, nesi akasema daktari alifanya sawa kabisa, na bodi haina mpango wa kumtumia huyo nesi, maelezo yake hayamo kwenye kifurushi. Daktari anaweza asijue kabisa kwamba huyo nesi alihojiwa.

Awamu ya tatu ni pale mkishindwa kuelewana. Bodi inafungua shtaka rasmi kwenye State Office of Administrative Hearings, yaani ofisi ya majaji wa masuala ya kiutawala ambao hawako chini ya bodi. Hapo inakuwa kama kesi ya kawaida, shtaka linakuwa wazi kwa umma, mashahidi wanahojiwa, na daktari akiandika ombi bodi ina siku 30 kumpa taarifa zote ambazo, haya tena, inakusudia kuzitoa kama ushahidi. Na sheria imetaja kabisa vitu ambavyo bodi hailazimiki kutoa hata hapo: ripoti au dokezo la mchunguzi wa bodi, jina la mlalamikaji ambaye hatatoa ushahidi, na mawasiliano ya bodi na mawakili wake. Kwa hiyo hata ukifika mwisho wa safari, umeshalipa wakili, jina lako liko wazi mtandaoni, bado kuna karatasi kwenye faili lako hutazigusa.

Si kila jimbo liko hivi, kumbuka Marekani leseni ni suala la jimbo, na Mahakama Kuu ya nchi ilishaukubali huo mpango wa majimbo kupanga nani atibu tangu 1889 kwenye kesi ya Dent dhidi ya West Virginia. California kwa mfano, shtaka rasmi likishatoka, kanuni zao zinampa daktari majina ya mashahidi wanaojulikana, maelezo waliyotoa, hadi ripoti za uchunguzi kwa kiasi fulani, lakini lazima aombe ndani ya siku 30, akichelewa shauri yake. Kabla ya shtaka rasmi huko nako giza ni lile lile.

Hapo ndo watu wanauliza, hivi katiba inaruhusu? Leseni ni mali, mtu kaisomea miaka zaidi ya 10, huwezi kumnyang'anya mtu mali bila utaratibu wa haki. Ni kweli, na mahakama zinakubali kwamba leseni inalindwa. Ila kulindwa kwenye hukumu na kulindwa kwenye uchunguzi ni mambo mawili. Kesi ya kuijua hapa ni Withrow dhidi ya Larkin ya 1975. Daktari wa Wisconsin, bodi ikaitisha kikao cha uchunguzi cha faragha juu yake, wakili wake akaruhusiwa kuhudhuria lakini asiwahoji mashahidi, baadaye bodi hiyo hiyo ikataka kukaa kumhukumu. Akaenda mahakamani akisema huwezi kuwa mpelelezi na hakimu kwa pamoja. Mahakama Kuu, majaji wote kwa kauli moja, ikasema peke yake hilo halivunji katiba, lazima uonyeshe upendeleo wa kweli. Na wale wanaosema mwendesha mashtaka ana wajibu wa kutoa ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, huo unatoka kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya 1963, ni wa kesi za jinai. Kesi ya leseni ni ya kiutawala, wajibu huo hauji wenyewe tu, mpaka sheria ya jimbo au jaji auweke.

Ukisikiliza mpaka hapa unaona bodi ni jitu la kuonea watu. Subiri.

Mwaka 2009 huko Kermit, mji mdogo magharibi mwa Texas kwenye kaunti ya Winkler, manesi wawili wa hospitali ya kaunti, Anne Mitchell na Vickilyn Galle, walimwandikia barua bodi kuhusu daktari Rolando Arafiles. Hawakuweka majina. Walieleza mambo waliyoyaona, kama kushonea kipande cha mpira kwenye kidole cha mgonjwa kilichoumia na kuwasukumia wagonjwa virutubisho vya mitishamba alivyokuwa akiuza, wakataja namba za mafaili ya wagonjwa ili bodi ijue pa kuangalia. Bodi ikafanya kazi yake, ikamtumia daktari barua ya kumjulisha. Daktari akaenda kwa rafiki yake ambaye ndiye sherifu wa kaunti, mtu aliyekuwa akiamini huyo daktari alimwokoa maisha alipopata shambulio la moyo. Sherifu akaiomba bodi nakala ya malalamiko kwa kofia ya polisi, akapewa, maana sheria inaruhusu bodi kushirikiana na vyombo vya dola. Kwa nakala hiyo akawatafuta wagonjwa, akapata hati ya upekuzi, akapekua kompyuta za kazini, akaikuta barua.

Manesi wakafukuzwa kazi na kushtakiwa kwa jinai, kosa la kutumia vibaya taarifa za ofisi, adhabu mpaka miaka 10 jela. Bodi ilimwandikia mwanasheria wa kaunti kupinga, haikusaidia. Ya Galle ilifutwa kabla ya kusikilizwa, Mitchell akapanda kizimbani Februari 2010 na wazee wa baraza hawakumaliza hata saa moja wakamwachia. Wakalipwa dola 750,000 kwa wote wawili kumaliza kesi ya madai waliyofungua. Mwaka 2011 kibao kikageuka, sherifu na mwanasheria wa kaunti wakatiwa hatiani, na Novemba mwaka huo daktari naye akakiri makosa na kurudisha leseni.

Usiri ukivuja kidogo tu ndo hayo yanatokea. Na angalia jinsi ulivyovuja, siyo kwa jina, jina halikuwepo, ulivuja kwa maelezo yenyewe, namba za mafaili, aina ya matukio, vitu ambavyo kwenye hospitali ndogo mtu mmoja au wawili tu wangeweza kuvijua. Kwa hiyo yule anayesema "ficheni jina tu, mengine mpeni daktari", kwenye jiji kama Houston anaweza kuwa sawa, Kermit hayuko sawa.

Upande wa madaktari nao una historia yake. Mwaka 2003 Texas iliweka kikomo kwa fidia ambayo mgonjwa anaweza kulipwa kwa maumivu na mateso, dola 250,000 kwa madaktari, yaani kumshtaki daktari mahakamani kukawa kugumu, na mwaka huo huo bunge likaipa bodi meno zaidi ili iwe mbadala. Bodi ikakaza. Malalamiko ya madaktari kwamba washindani wao na kampuni za bima zinawachongea bila majina yakaongezeka, na Desemba 2007 chama cha Association of American Physicians and Surgeons kikaishtaki bodi, kikidai pamoja na mambo mengine kwamba inatumia vibaya malalamiko yasiyo na majina. 2010 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano, yaani ya shirikisho inayosikiliza rufaa za Texas, ikasema chama kina haki ya kusikilizwa. Mwaka uliofuata bunge la Texas likapitisha mabadiliko: bodi isipokee tena malalamiko yasiyo na jina kabisa, malalamiko yasiyohusu watoto yasizidi miaka 7 nyuma, daktari akitaka kile kikao kisicho rasmi kirekodiwe kirekodiwe, na mlalamikaji akiwa kampuni ya bima au ya dawa basi daktari aambiwe ni nani.

Mimi hilo la mwisho ndo naona bunge lilifikiri. Lilitenganisha mlalamikaji anayehitaji kufichwa na asiyehitaji. Mgonjwa anaogopa kukosa daktari, nesi anaogopa kukosa kazi. Kampuni ya bima inaogopa nini? Inabishana na daktari kuhusu malipo, haina sababu ya kujificha nyuma ya pazia lililowekwa kwa ajili ya manesi wa Kermit. Ila tusichanganye, kutokupokea barua isiyo na jina maana yake bodi inajua jina, daktari bado hajui.

Kuna jambo moja linaniudhi na linahusiana. Bodi inapotaka taarifa za daktari mambo hayaendi kwa awamu. Oktoba 2013 wachunguzi wa bodi pamoja na kikosi cha shirikisho cha kupambana na dawa za kulevya waliingia kliniki ya daktari Joseph Zadeh na samansi ya kutaka rekodi papo hapo, bila kumpa nafasi ya kwenda kwa hakimu kwanza. Mahakama ya rufaa baadaye ikakubali kwamba hilo lilivunja katiba, halafu ikasema wachunguzi wana kinga kwa sababu sheria haikuwa wazi wakati ule. Kwa hiyo upande mmoja unatoa papo hapo, upande wa pili unasubiri mpaka shtaka rasmi na siku 30 juu yake. Ni kucheza karata na mtu anayeziona zako zote.

Na bado wagonjwa watakwambia bodi ni mpole mno kwa madaktari. Wana hoja. Christopher Duntsch, daktari wa upasuaji wa mgongo eneo la Dallas, alijeruhi wagonjwa zaidi ya 30 kati ya 2011 na 2013, wawili wakafa, madaktari wenzake walikuwa wanapiga kelele bodini, leseni ikasimamishwa Juni 2013. Alihukumiwa kifungo cha maisha 2017. Ukimwambia ndugu wa marehemu kwamba mchakato unatakiwa umpe daktari muda zaidi na karatasi zaidi, sijui atakuangaliaje. Sheria inaruhusu bodi kusimamisha leseni kwa dharura kabla ya yote haya kama kuna hatari kwa wagonjwa, na nafikiri hapo ndo mwendo kasi unapotakiwa kukaa. Mtu akiwa hatari msimamishe leo. Lakini ukishamsimamisha, au kama si hatari na bado anafanya kazi, hakuna haraka inayozuia kumwonyesha ushahidi, pamoja na ule unaomsaidia, hata kama ni kwa kufuta majina na kusubiri wakili aahidi kisheria kutousambaza. Siri ya jina ina sababu. Siri ya maelezo ya yule nesi aliyesema daktari alifanya sawa, mimi sijaona sababu yake.

Jirani zetu Kenya wamelitazama hili kwa njia nyingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya maamuzi ya kiutawala yaliyo ya haki, na sheria ya 2015 iliyotokana na hiyo ibara inasema anayeweza kuathirika apewe taarifa, nyaraka na ushahidi utakaotegemewa kufanya uamuzi. Baraza la madaktari la Kenya nalo linabanwa na hiyo. Ila umeliona neno? Utakaotegemewa. Ni ndugu wa "inakusudia kuzitumia" ya Texas. Tofauti ni kwamba Kenya kuna mlango wa pili, ibara ya 35, raia anaweza kudai taarifa iliyoko serikalini, na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa taarifa inampa ofisa siku 21 kujibu. Ina mipaka yake, faragha ya mtu mwingine ni mmojawapo, lakini angalau swali linaulizika: nipe na ule usioutegemea.

Kwa madaktari wetu walioko Texas, na wapo, ukipata ile barua usiguse faili la mgonjwa kuongeza neno wala kupunguza, kurekebisha rekodi baada ya malalamiko ni kosa jingine lenyewe na huwa linaonekana kwenye mfumo. Usianze kupigia simu wafanyakazi na wagonjwa kuuliza nani kakuchongea, umeona Kermit iliishaje. Tafuta wakili wa leseni na siyo wa ardhi, angalia bima yako ya kazi maana nyingine zinalipia wakili wa bodi. Omba kwa maandishi kila kinachoruhusiwa kwenye kila awamu, omba kikao kirekodiwe, na kama ripoti ya wataalamu imechelewa usiende kikaoni ukijifanya shujaa, omba kiahirishwe.

Halafu kuna karatasi ya makubaliano. Baada ya kikao bodi inaweza kukupa makubaliano usaini, pengine ni kozi chache na faini, unaambiwa jambo limeisha, na wengi wanasaini kwa uchovu bila kuwahi kuliona faili zima. Hiyo karatasi ni ya umma. Nyingi ya aina hiyo zinaripotiwa National Practitioner Data Bank, hifadhi ya taifa iliyoanza kazi 1990, ambayo kila hospitali inalazimika kuiangalia daktari anapoomba kufanya kazi pale na tena kila baada ya miaka 2. Wao watasoma bodi ilichoandika. Faili ambalo hukuliona na wao hawataliona.